Bata Waliomchekesha Baba Mkwe

Mimi na baba mkwe wangu tuliishi miaka mingi bila kutazamana usoni. Hatukuwa na ugomvi. Kwao Kisondela, mzee wa rika lake na mke wa mwanawe hawakai chumba kimoja, na wakikutana njiani mmoja hukata kona. Mimi nililetwa Tukuyu na ajira ya ualimu, nikitokea Muheza, ambako mkwe unamwekea chai mezani na kumpa habari za mtaa mzima. Nilipoolewa huku nikafundishwa adabu mpya: nipige goti mlangoni, macho chini, niseme shikamoo, kisha nipotee. Yeye aliitikia akiangalia ukuta. Akiwa na shida alimweleza mwanawe, "Mwambie mkeo chai ina sukari nyingi," nami nimesimama pale pale, nasikia kila neno, nasubiri kufikishiwa ujumbe.

Utaratibu huo ulitutosha mpaka alipofanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Walimtaka arudi hospitali mara kwa mara kuangaliwa, na kuteremka kutoka Kisondela kwa bodaboda kwenye tope la masika, jicho moja limefungwa, ni kutafuta kuvunjika na mguu. Mume wangu akaamua mzee akae kwetu Makandana mpaka apone. Nyumba yetu ni ndogo, na sebule ndiyo njia ya kwenda kila mahali. Tukatundika pazia zito kati ya sebule na jiko, nami nikaanza kuingia nyumbani kwangu kwa mlango wa nyuma kama mwizi wa kuku.

Mzee alikuwa amekatazwa kuinama, kubeba mzigo na kulima. Kwa mtu ambaye hajawahi kukaa kitako mchana isipokuwa kanisani, hiyo ilikuwa adhabu. Nje mvua haikatiki. Redio aliisikiliza mpaka akaanza kubishana nayo. Alilalamika kuhusu mto, kuhusu dirisha, kuhusu jogoo wa jirani, na malalamiko yote yaliyohusu jiko yalinifikia kwa njia ile ile ya kupitia kwa mwanawe, kana kwamba mimi niko Dodoma.

Jumamosi moja mume wangu akapata wazo. Akaenda stendi kwa kijana anayeuza filamu kwenye flashi, akaomba filamu ya mambo ya Biblia iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, ya manabii ikiwezekana. Kijana akamwekea, na kwa kuwa ni mteja wake akamwongezea na nyingine ya bure. Nyumbani mzee akavaa koti lake la ibada, akaketi kwenye kochi, mikono magotini. Mume wangu akabonyeza. Wakatokea bata.

Filamu ile ya bure nilikuwa nimeisikia. Mwenzangu anayefundisha fizikia alishaieleza ofisini kwa walimu kuwa ni uchafu mtupu, kwamba wakosoaji wote duniani wameiponda, na mtu mwenye akili timamu hawezi kuimaliza. Inahusu gemu za zamani, zile za kuunganisha kwenye televisheni yenye mgongo. Bata waliokuwa wakipigwa risasi na watoto kwenye gemu hizo wamechoka, wametoka kwenye vioo, wamekuwa wakubwa kama lori, nao wanalipiza kisasi mjini. Mwili wao wote ni vipande vya pembe nne, kama ukuta wa matofali ulioota mabawa. Serikali inakosa la kufanya, inawaita wanaume watatu wenye vitambi ambao utotoni walikuwa mabingwa wa gemu hiyo. Mmoja sasa anauza magodoro.

Mume wangu alitaka kuitoa haraka, lakini rimoti alikuwa nayo mzee.

"Iache," mzee akasema. "Hao bata wamekosewa nini?"

Mimi nilikuwa jikoni namenya ndizi. Pazia lilikuwa na nafasi pembeni, nami nikagundua kwamba nikisogeza kigoda karibu na mlango naona nusu ya kioo. Nusu ilitosha. Meya wa mji anahutubia wananchi wasiwe na hofu, na nyuma yake bata mmoja anatua juu ya gari la polisi, anakaa vizuri, anataga. Yai lenyewe lina kona nne. Linaporomoka mlimani, halibingiriki, linajigonga kituo kwa kituo, na watu wanalikimbia huku wakilisubiri. Mtafsiri anayeingiza Kiswahili juu ya sauti za filamu, ambaye hata siku moja hakutafsiri kilichosemwa, akasema kwa utulivu, "Yai hili, mama, kikaango chako cha duara hakifai."

Nikacheka, nikaziba mdomo kwa kanga. Wakati huo huo nikasikia sauti ngeni kutoka sebuleni, kama mtu anayekabwa na kiazi. Nikashtuka nikidhani jicho limepata matatizo. Kumbe mzee anacheka. Aliponisikia akanyamaza. Nami nikanyamaza. Tukakaa hivyo, kila mtu upande wake wa pazia, tukijifanya hatupo. Halafu yai lile likafika kwenye ngazi za benki, likaanza kushuka moja moja, na heshima yote ikaisha. Mume wangu alikuwa akimsihi baba yake asicheke sana, jicho litafunguka mshono, na kila akimsihi mzee ndiyo anazidi.

Jambo lenyewe likatokea kwenye pambano. Muuza magodoro amesimama uwanjani na bunduki, bata wanaruka kutoka majanini, naye anakosa kila mmoja. Mzee akaanza kusogeasogea kwenye kochi.

"Si huyo," akamwambia yule muuza magodoro. "Mwache apande kwanza. Akifika juu anageuka kushoto. Hapo ndipo pa kumpiga."

Bata akapanda, akageuka kushoto. Akatokea mwingine, mzee akasema huyu ataenda kulia, akaenda kulia. Mume wangu akainuka akaisimamisha filamu kwenye televisheni.

Lazima niseme kwa nini aliinuka. Alipokuwa mwanafunzi, mume wangu alijinyima mpaka akanunua mashine ya gemu ya aina hiyo, na bastola yake ya plastiki. Wakati huo baba yake alikuwa mnyapara kwenye kiwanda cha chai, na nyumba za kiwanda zilikuwa na umeme. Mtoto aliposhuka darasani, mzee alimnyang'anya ile mashine, akamtangazia kuwa ameitumbukiza chooni. Hadithi hiyo nimesimuliwa tangu tukiwa wachumba. Nimesimuliwa kwa uchungu.

"Baba," mume wangu akasema, "umejuaje bata anageukia wapi?"

Mzee akaangalia ukuta, kama anavyouangalia akiniitikia mimi.

"Mlipokwenda bweni, mama yako alisema tuiwashe, tuone ni kitu gani kinachopumbaza watoto."

"Mkaona nini?"

"Ikatupumbaza."

Akaeleza taratibu kwamba walifunga mlango na madirisha, majirani wakadhani wako kwenye maombi. Kwamba mama mkwe, ambaye mimi sikumkuta hai, alikuwa na shabaha kumshinda yeye, na akimshinda alimpigia vigelegele kwa sauti ya chini. Waliicheza mpaka radi ilipoiunguza pamoja na televisheni. Televisheni walisema imeungua. Mashine hawakuwa na mtu wa kumlilia, maana walishasema iko chooni.

Mume wangu alisimama pale katikati ya hasira na kicheko, akashindwa kuchagua. Mimi nilishachagua, na sauti yangu ilifika.

"Na huyo wa jikoni aje," mzee akasema. "Anachungulia, shingo itapinda."

Hakumwambia mtu aniambie. Nikatoka na kisu cha ndizi mkononi, nisijue pa kukaa. Mume wangu akaweka kigoda changu mbele, karibu na televisheni, mgongo wangu ukimwelekea mzee. Hivyo hakuniona uso, nami sikumwona, na wote tuliwaona bata. Tukaiangalia mpaka mwisho, na mwisho wake ni wa ovyo kweli: bata wanaombwa msamaha, wanapewa ziwa. Mzee aliona ni haki.

Jumapili baada ya ibada mwalimu wa fizikia akaja kumjulia hali mgonjwa, akatukuta tumeirudia. Akatueleza kwamba haina mantiki, yai la pembe nne haliwezi kutoka. Mzee akamuuliza kama aliiangalia yote. Akakiri kuwa hajaiangalia kabisa, alisoma tu. Mzee akampisha nafasi kwenye kochi. Yai lilipofika kwenye ngazi za benki, mwalimu alikohoa, akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu sana.

Jicho lilipona, mzee akarudi Kisondela. Wiki hiyo simu yangu ikaita, si ya mume wangu. Alikuwa yeye. Alinisalimu, akauliza habari za kazi, kisha akaniagiza niende stendi kuuliza kama kuna sehemu ya pili. Nikaenda kwenye mvua. Kijana wa flashi akacheka, akasema hawakutengeneza nyingine kwa sababu ile ya kwanza ilikataliwa dunia nzima. Nikampigia mzee, nikamweleza vile vile.

"Pole, mwanangu," akaniambia. "Dunia ina watu wagumu."