Siku Kambo Aliporudi Shambani

Jana sokoni Kolwezi mama mmoja alifunua ndoo ya munkoyo, kinywaji cha mahindi na mizizi, na ile harufu ya uchachu ikanisimamisha.

Nilikuwa mtoto. Babu yangu, tuliyemwita Kambo, alikuwa ameandika michezo ya kuigiza maisha yake yote. Siku hiyo wasomaji na waigizaji walimrudisha kumsherehekea kwenye nyumba yake ya zamani, shambani upande wa Sandoa. Wenyeji wapya wa nyumba walitukaribisha kwa munkoyo, nasi tukaketi uani, tukiitazama baraza walikosimama waigizaji.

Mwigizaji alipotamka maneno ya kwanza ya mchezo wake, Kambo aliinuka, akaenda hadi mlango wa jikoni na kuita ndani:

“Mama, kuya! Banaanza!”

Ndivyo alivyokuwa akimwita bibi aje, kila mchezo ulipoanza. Bibi tulikuwa tumemzika kabla ya mvua za mwaka ule.

Waigizaji wakausimamisha mchezo. Shangazi akajiziba mdomo kwa kitenge. Kambo alibaki mlangoni, uso umemng'aa, akisubiri.

Kisha mwenye nyumba, mwanamke tusiyemjua, akatoka jikoni na unga mikononi.

“Niko nakuya, tata,” alisema taratibu, akimwita baba.

Akamshika mkono, wakaketi pamoja, na mchezo ukaanza upya. Kambo alicheka palepale alipokuwa akicheka zamani, na kila alipocheka alimgeukia yule mama kuona kama naye anacheka.

Naye alicheka, kila mara, hadi mwisho.