Siku Bibi Zilipa Alipokwenda Kuona Mwisho

Jenereta ndogo ikiwaka popote, hata iwe ya fundi wa kuchomelea, pua yangu inanirudisha Iguguno, kwenye banda la video lenye mabati yaliyotoboka na madirisha yaliyofunikwa kwa nailoni nyeusi. Petroli, jasho la watoto, karanga za kukaanga. Na siku moja tu, katikati ya hayo yote, moshi wa kuni uliokaa kwenye khanga ya bibi yangu.

Juzi wanangu walileta flashi yenye muvi za kutisha, tukazitazama pamoja. Mimi si mjuzi, niliishia darasa la saba, na huenda ninayosema yana makosa. Lakini haki yao niwape: zimetengenezwa vizuri. Ile ya ufalme wa giza ina milima inayopendeza kama mteremko wa Sekenke wakati wa mvua, ingawa jua halichomozi tangu mwanzo, unabaki kujiuliza wale watu wanalima saa ngapi. Ile ya jini linalotambaa darini ilinishtua, ila kilichonishtua ni kelele, si jini. Ya mwisho ilikuwa ya bibi mchawi. Wanakijiji walipotokea na mienge, mwanangu mdogo akaniambia, "Mama, TV iko huku." Wala sikujua kwamba nimegeuka.

Bibi Zilipa, mama yake baba, ndiye aliyenilea. Alikuwa mjane, anapika pombe ya mtama na kuuza uani kwetu. Macho yake yalikuwa mekundu miaka yote. Alikuwa akisema, "Kuni mbichi hulia, na mpishi hulia nazo."

Pale bandani kulikuwa na kijana tuliyemwita Dijei. Alisimama kando ya TV na kipaza sauti, akitutafsiria muvi za kigeni, na kila mtu wa kwenye picha alimpa jina la mtu tunayemjua. Polisi mnene alikuwa mwenyekiti wetu wa kijiji. Tajiri mbahili alikuwa mwenye mashine ya kukamulia alizeti. Watu walicheka mpaka machozi, na wengine walikuja kusikiliza kama leo watatajwa. Ilikuwa kama heshima.

Basi ikaja muvi ya kikongwe anayeishi peke yake msituni na chungu chake. Nywele nyeupe, macho mekundu. Dijei hakufikiri hata kidogo.

"Huyo! Bibi Zilipa huyo! Leo kapanda ungo, anakwenda Sekenke kuchota dhahabu!"

Banda zima lililipuka. Nami nilicheka, tena nilijisikia mtu mkubwa, bibi yangu yuko kwenye muvi. Kabla haijaisha, jenereta ikaishiwa petroli, tukatoka.

Nilipomsimulia, bibi alicheka na yeye. "Kumbe nimefika Ulaya bila nauli!" Kisha akakoroga chungu kwa muda, akauliza, "Na mwishoni wanamfanyaje?"

"Sijui, bibi. Mafuta yaliisha."

Muvi ile ilipendwa, ikarudiwa na kurudiwa. Watoto wakipita kwetu walipiga kelele, "Bibi Zilipa, ungo umepaki wapi?" na yeye aliwajibu, "Uko gereji!" Mambo yalikuwa bado ni utani. Halafu mtoto wa Baba Elia, jirani yetu, akashikwa na degedege akafa.

Bibi alikwenda msibani na mwiko wake mkubwa, kama alivyokwenda misiba yote, maana ugali wa watu wengi yeye ndiye aliyeuweza. Wanawake walimpokea vizuri. "Shikamoo bibi. Wewe pumzika tu leo." Wakamtandikia mkeka pembeni. Akakaa pale peke yake, mwiko mapajani, mpaka jioni. Baada ya hapo wanywaji wakapungua. Mmoja alisema ameokoka, mwingine kwamba tumbo linamsumbua. Inawezekana ilikuwa kweli. Sikuwahi kuwauliza.

Jumapili moja, tulipotoka kanisani, bibi akaniambia, "Nipeleke kwenye hilo banda. Nataka kuona mwisho."

Dijei alipomwona, kipaza sauti kilishuka chenyewe. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Endelea na kazi."

Akachukua kigoda, akakiweka kando ya TV, mgongo ukutani, uso ukitutazama sisi. Watu wakaangua kicheko. "Bibi, picha iko huku!"

"Naiona," akasema.

Nilitamani ardhi inimeze. Nilidhani hajui muvi inavyotazamwa.

Siku hiyo Dijei hakumtaja. Alisema tu "huyu mama", tena kwa sauti ya chini, mwisho akanyamaza kabisa. Lakini watu hawakumhitaji tena. Mienge ilipotokea, nyuma wakaanza kuimba, "Choma! Choma!" na makofi juu. Si wote, niseme ukweli, wapo waliokaa kimya. Baba Elia alikaa kimya. Yeye na bibi tu ndio hawakuwa wakitazama picha. Walikuwa wanatazamana.

Ilipoisha, bibi akainuka. "Asante, mjukuu wangu. Nimeona."

Nyumbani aliosha vyungu vyote, akavifudikiza. Asubuhi tukapanda lori kwenda Mkiwa, kwa shangazi yangu aliyeolewa huko. Njia nzima nilimwonea aibu: mtu mzima anakimbia muvi! Hakuonja tena pombe aliyopika mwenyewe. Alifia Mkiwa na kuzikwa kwenye ardhi ya wakwe za binti yake, mbali na kaburi la babu.

Nyumba ya Iguguno ilianguka yenyewe kwa mvua. Nimeulizia, hakuna mtu aliyeigusa. Kwa hiyo siwezi kumshtaki mtu kwa jambo ambalo hakulifanya. Pengine tungebaki na kusingetokea kitu chochote. Dijei alikuja msibani Mkiwa, akalia kuliko sisi wa damu, na naamini yale machozi. Baba Elia naye simlaumu, alikuwa amefiwa na mtoto.

Nilikuwa tayari mama wa watoto nilipoelewa kwamba bibi hakwenda kutazama muvi. Alikwenda kututazama sisi tunavyoitazama, ajue ni akina nani wanapenda mwisho ule, na ni wangapi.

Siwakatazi wanangu. Muvi ni muvi, na wale wa kwenye picha huosha rangi usoni wakaenda kula. Ila ikifika mienge, shingo yangu inageuka yenyewe. Juzi nilipogeuka, mkubwa alikuwa anasinzia. Mdogo alikuwa anapiga makofi.