Mama Mbunge na Orodha Yetu ya Majina ya Uongo

Miaka yangu ya kulinda magari Braamfontein, hapa Johannesburg, nilijifunza kumjua mtu kwa namna anavyoegesha gari. Kuna anayeliegesha kama anatua trei ya mayai. Kuna anayeshuka gari bado linanguruma, simu sikioni, halafu anakutazama kana kwamba wewe ndiye uliyeliacha linanguruma. Mama ninayetaka kumweleza hapa aliegesha vibaya kuliko mtaa mzima: gurudumu moja juu ya njia ya miguu, kitako barabarani, kisha anakurushia ufunguo umalizie mwenyewe. Mimi leseni sina hata leo. Nilikuwa nalisogeza hivyo hivyo, na Mungu alisaidia.

Tulijuana mwaka 2008, majuma machache baada ya wageni kupigwa na kufukuzwa mitaani. Siku zile nilikuwa nafanya kazi kama bubu. Nimevaa kizibao changu cha kung'aa, naelekeza magari kwa mkono tu, maana mgeni akifungua kinywa anajulikana. Basi binti yangu akanipigia simu, nikajisahau nikamjibu kwa Kiswahili. Mwanamke aliyekuwa anashuka garini akasimama.

"Shikamoo, mzee."

Niligeuka nyuma nione anaamkiwa nani.

"Ni wewe. Au Kiswahili changu kimeoza?"

"Marahaba, mama. Umekitoa wapi?"

"Morogoro. Kule nimelima mahindi, nimeugua malaria, nimeolewa na nimeachika."

Alikuwa mtu wa Soweto, mama yake alifua nguo za Wazungu. Alikimbia nchi akiwa msichana wa shule, wakati wa vita vyao vya ukombozi, akafika Tanzania, akasomea uuguzi huko ukimbizini. Miaka mingi baadaye tulikuja kuhesabu umri tukakuta ananizidi mwaka mmoja. Ndevu zangu nyeupe ndizo zilizomdanganya. Alicheka sana, lakini shikamoo zake hakuzidai.

Wakati ule alikuwa bado anafanya kazi kwenye ofisi ya kutetea wafanyakazi. Mwaka uliofuata ukafika uchaguzi, akaingia bunge la jimbo. Jinsi alivyoingia sikuielewa kwa muda mrefu. Huku watu hawapigii jina la mtu, wanapigia chama, na chama kina orodha yake ndefu. Viti vikipatikana vinagawiwa kuanzia juu kushuka. Yeye alikuwa chini chini, akaponea karibu na mwisho. Nikamwambia, "Kwa hiyo hakuna aliyekuchagua?" Akasema, "Hakuna, mzee. Ndiyo maana lazima nifanye kazi."

Kwetu Burundi mbunge tunamwita depite. Depite wa kwetu nilimwona mara moja maishani, juu ya pikapu, akigawa fulana. Huyu alifungua ofisi ya kupokea wananchi palepale mtaani kwetu, ghorofa ya kwanza, lifti mbovu. Asubuhi ananunua magwinya kwa mama wa kona kama sisi, yale maandazi ya huku yanayomwaga mafuta, anasimama anakula mafuta yakimtiririka hadi kwenye kiwiko. Halafu anaondoka kwenda kukagua zahanati na shule, bila kupiga simu kwanza. Anakwenda kukaa kwenye foleni na kitambaa kichwani kama mgonjwa, anatazama saa. Buti la gari lake lilijaa mafaili hata gurudumu la akiba halikuwa na pa kukaa.

Sisemi hakuwa na kasoro. Alichelewa kila mahali. Aliwafokea wasaidizi wake hadi sisi wa chini tunasikia. Kusema samahani ilimshinda. Akikukosea anakuletea ndizi. Na chai alitia sukari vijiko vitano huku daktari amemkataza, tena mwenyewe muuguzi.

Kabla sijasahau, niseme alivyoishia. Mwaka 2014 chama kilipanga orodha upya, yeye akawekwa chini kabisa, viti vikaisha kabla hawajamfikia. Hakulia mbele yetu. Tulimshushia mafaili ngazini kutwa nzima, akapanda gari, akarudi nyuma akagonga pipa la taka, akaenda zake. Nilimuuliza kwa nini wamemshusha. Akasema, "Nauliza maswali mengi, mzee, na wengine ni rafiki zangu." Basi. Aliwahi kuketi mle bungeni muhula mmoja tu, lakini muhula huo sisi tuliujua, na sababu ni hii ninayoianza sasa.

Binti yangu alikuwa mjamzito. Tulikaa Berea, chumba kimoja tumekikata kwa pazia, jirani Wakongo, jirani Watanzania. Mumewe alikuwa safarini kwenye malori. Mimba yake ya kwanza ilikuwa imeharibika mwezi wa saba, damu ilitoka sana, akapona kwa shida, kwa hiyo hii ya pili nilikuwa naichungulia kama mtu anayechungulia maziwa jikoni. Akaenda kliniki kuandikishwa. Karani wa mlangoni akaomba kitabu cha kijani, kile kitambulisho cha wenyeji. Binti akatoa karatasi yake ya ukimbizi. Karani akasema, "Hii peleka kwenu." Alirudi mara tatu, alifukuzwa mara tatu. Wengi walikuwa wanafukuzwa vilevile. Fundi nywele mmoja Mkongo wa ghorofa ya juu alijifungulia kwenye teksi, kwenye taa za barabarani, robot kama tunavyoziita huku, dereva akigombana na watu wapishe.

Nikamweleza mama mbunge nikidhani atainua simu. Akakunja uso.

"Nikipiga simu ataingia binti yako. Na yule wa ghorofa ya juu?"

"Mama, mimi nauliza la binti yangu."

"Najua. Sikiliza. Pale bungeni kuna kamati inapokea maombi ya wananchi. Mtu yeyote anayeishi hapa anaruhusiwa, hata wewe. Andikeni shida yenu, majina, sahihi na namba za simu. Mimi nitaipeleka na kuisimamia. Karani akipata agizo la maandishi hafukuzi mtu tena."

Nikapita mimi. Berea nilipanda ghorofa zote, Jeppestown nikaingia kwenye karakana na kwa mafundi cherehani. Watu waliogopa. Na mimi, badala ya kuwatoa hofu, nikawapa dawa niliyokuwa nayo. Nikawaambia: "Shida andika ya kweli. Simu andika ya kweli, wakupate. Jina andika lolote, la kwako liache nyumbani." Wakafurahi sana. Mmoja akaandika la mjomba wake marehemu. Fundi nywele akaandika la mama mkwe wake, akasema kama kuna wa kukamatwa na akamatwe huyo. Kijana fundi viatu akaandika la mchezaji mpira maarufu. Mimi nikaandika la kaka yangu. Kurasa zikajaa, nikampelekea mama, akanishika mkono kwa mikono miwili.

Kumbe kule kwenye kamati wana desturi ya kuhakikisha. Binti mmoja wa ofisini akaketi na simu, akaanza juu. "Naongea na fulani?" Na watu wetu walishasahau walichoandika. "Huyo hayupo hapa, dada." "Namba si yake." Mke wa fundi viatu ndiye aliyepokea, alipoambiwa anatafutwa mchezaji mpira akacheka akakata. Fundi nywele alipoulizwa mama mkwe wake akajibu, "Amekufa, asante." Katika orodha nzima hakupatikana mtu.

Mama mbunge alishasimama mbele ya wenzake akasema watu hawa anawajua. Mjumbe wa upande wa pili, wa chama kingine, akaisoma ile orodha kwa sauti, akafika kwenye mchezaji mpira, chumba kizima kikaangua kicheko, akauliza kama mheshimiwa analeta ombi au timu.

Siku hiyo aliegesha gari katikati ya barabara. Hakunirushia ufunguo.

"Mzee, umeniua. Kweli umeniua. Wanasema nimetunga watu!"

Nikaanza kuelekeza magari yampite, kwa mkono tu.

"Sema! Unajua kusema, kwa nini leo hujui? Nani aliwaambia wadanganye?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

Nikamweleza pale pale, magari yakitupigia honi. Kaka yangu alikuwa mwalimu. Mwaka sabini na mbili, kule kwetu, walipita watu na karatasi, wakasoma majina, la kwake likawamo, akapanda gari na hatukumwona tena. Baba akanitoa shule juma lile lile, akasema mwenye kusoma anaandikwa. Ndiyo sababu herufi zangu hadi leo zinalala kama nyasi. Nilivyokua, nilijua karatasi yenye majina ina kazi moja tu. Na hapa Johannesburg, baada ya yale ya 2008, ningewaambiaje watu waandike jina lao la kweli?

Aliegemea gari. Dereva mmoja akamtukana, naye akamtukana vizuri zaidi, kwa Kizulu, bila kumtazama. Halafu akasema kwa sauti ndogo:

"Morogoro hakuna aliyejua jina langu. Tulipewa majina mengine tulipofika, ili wa nyumbani wasisumbuliwe. Miaka kumi na kitu. Mama yangu aliandikiwa barua kwamba niko hai, kwa jina lile jipya, akaisoma, akasema huyu simjui." Akajipangusa uso. "Ungeniambia tangu mwanzo. Ningejua la kufanya."

Kesho yake alileta ndizi. Nikajua tumepatana.

Alirudi kwenye kamati akawaeleza wenzake yote, na la kwake mwenyewe la Morogoro akaliweka mezani ambalo hakuwahi kulisema hadharani. Wakampa nafasi moja tena: orodha mpya, majina yanayolingana na karatasi za watu, na mmoja wetu aje kusema mwenyewe.

Tukakutana Jumapili kwenye ukumbi wa kanisa Berea, wakubwa kwa watoto. Mimi Mwislamu, lakini viti vilikuwa vyao. Mama mbunge alikuwa amekaa nyuma kabisa, amekataa kutushikia kalamu. Karatasi ikalala mezani. Hakuna aliyeinuka. Watoto wetu, waliozaliwa huku, wanaulizana kwa Kiingereza kwa nini wakubwa hawaendi. Binti yangu alikuwa mbele, mwezi wa saba umeingia, ameshika kiuno. Nilimwona anataka kusimama aende yeye.

Nikamtangulia. Niliandika jina langu lote, taratibu, kwa herufi zile zilizolala. Fundi nywele akapiga kelele kutoka nyuma, "Toka basi mzee, au unaandika na ukoo mzima?" Akanisogeza, akaandika la kwake. Halafu viti vikaanza kulia sakafuni.

Bungeni nilipewa mkalimani, mwanafunzi Mkenya kutoka chuo cha jirani. Mama hakuruhusiwa kunitafsiria kwa kuwa ni mjumbe. Nilivyoanza kusema sikujua pa kukomea.

"Mzee, polepole," akaninong'oneza yule Mkenya. "Mimi nasomea uhandisi."

Yule mjumbe wa upande wa pili akaniuliza, anatabasamu, "Na leo tukuite nani?" Nikamtajia jina langu, nikaweka karatasi yangu mezani aisome mwenyewe. Akaisoma mbele na nyuma. Hakuuliza tena. Mama mbunge alikuwa anatazama dirishani, anauma midomo asicheke.

Agizo lilitoka kabla mwezi haujaisha: mjamzito asirudishwe mlangoni kwa sababu ya karatasi. Asubuhi tuliyokwenda kliniki tulimkuta mama mbunge ameshafika, ajabu, hakuchelewa. Kitambaa kichwani, kwenye benchi la foleni, namba yake mkononi. Nikamwambia, "Mama, nenda ukamwambie karani wewe ni nani."

"Kaa chini, mzee. Nikisema mimi, leo binti yako ataingia, kesho mwenzake atafukuzwa. Tuone barua ya agizo yenyewe kama ina meno."

Tukakaa. Zamu ya binti ikafika. Karani alikuwa yule yule. Akaitazama karatasi ya ukimbizi, akainua macho kwenye barua iliyobandikwa ukutani kwa plasta za hospitali, akashusha pumzi ndefu kama mtu anayebeba gunia, akavuta kadi mpya.

"Jina?"

Binti yangu akamtajia. Akamrudishia mara ya pili, herufi kwa herufi, hadi karani akalipata sawasawa. Binti akaingia ndani. Mlango ukafungwa, na sisi wawili tukabaki kwenye benchi tumekodoa macho kama wagonjwa. Alitoka baada ya saa mbili, anapepea kadi, anasema mtoto amegeuka vizuri, moyo wamemsikilizisha, na kuna yeyote aliyekuja na chakula?