Bwana Mita na Shuka Langu la Maua

Saa tatu usiku ilipita, saa nne ikaja, na mume wangu hajarudi kutoka kwenye baraza la kata. Binti yetu alikuwa amejilaza kwenye kochi, mtandio usoni, akijifanya amelala. Mtu aliyelala hachezeshi vidole vya miguu. Mimi nilikuwa napanga upya vikombe nilivyokwisha kuvipanga.

Usiku ule baraza lilikuwa linaamua kama fedha za umma zilipie nusu ya gharama ya umeme wa jua kwenye nyumba za mtaa wetu. Likikubali, binti yangu, ambaye ni fundi wa sola, amepata kazi. Likikataa, kesho wanakuja kung'oa paneli ya majaribio iliyo juu ya paa letu, naye anarudi kutengeneza redio za watu wasiokuja kuzichukua. Na aliyeshika daftari la majaribio ni baba yake.

Mume wangu alisoma mita za umeme miaka ishirini na saba, mpaka mtaa mzima unamwita Bwana Mita. Siku aliyokuja kwetu kuposa, aliangalia mita kwanza, ndipo akamsalimia baba yangu. Mwaka wa pili wa ndoa alimkatia mama yangu mzazi umeme, kisha akaingia ndani kumsaidia kutafuta mishumaa. Mama alinuna mwezi mzima, lakini kwa majirani alikuwa anamsifia: "Mkwe wangu hahongeki, hata kwa kuku."

Ndiyo maana baraza lilimchagua yeye. Walitufungia paneli na betri, wakampa daftari, asome mita ya betri siku thelathini. Na sola yenyewe alikuwa haiamini hata kidogo.

"Jua lina zamu ya mchana tu," alimwambia binti yake. "Mimi nataka kitu cha zamu ya usiku."

"Ndiyo kazi ya betri, Baba."

"Na betri ikifa, baraza litakuja mazishini?"

"Betri ni kama viatu vyako. Unajua vitaisha, lakini hutembei peku."

Akaviangalia viatu vyake. Hilo hakuliandika.

Siku nane za kwanza taa zilizimika saa saba usiku, na friji yetu ndogo ikanyamaza nazo. Binti yangu alikagua nyaya mpaka macho yakawa mekundu. Kila jioni akipanda, mimi nilishika ngazi kule chini nikimwambia, "Angalia bati hilo," kana kwamba bati ndilo lenye kosa. Bwana Mita aliandika tu, na nilimwona anavyojizuia kutabasamu.

Siku ya tisa alitoka kwenda kwa kinyozi, akasahau miwani, akarudi saa nne asubuhi. Akanikuta juu ya paa.

Nijieleze. Viti vyangu vya plastiki vilikuwa vimepauka kwa jua, na pazia la sebuleni limechakaa upande mmoja. Nikajiuliza, kioo cha umma kikipasukia kwangu, nani ataulizwa? Basi kila siku jua likianza kuchoma, wao wakiwa wametoka, nilipanda ngazi, nikaifunika paneli kwa shuka langu zuri la maua. Jioni nikaifunua. Nilidhani jua la asubuhi linaitosha.

"Mama watoto," aliita kutoka chini, kwa upole ule ule wa kumkamata mwizi wa umeme, "hiyo inasikia baridi?"

Jioni binti yetu alicheka mpaka akakaa sakafuni. Kisha akaacha kucheka.

"Baba, zifute hizo siku nane."

"Daftari halifutwi."

"Watasema sola haifai."

"Watasema kilichoandikwa."

Nilichungulia alichoandika: Siku ya 1 hadi ya 8, paneli ilivalishwa shuka na mke wa msomaji, saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni. Tangu hapo taa ziliwaka mpaka asubuhi, isipokuwa siku mbili za mvua na siku niliyojaribu pasi. Pasi nayo aliiandika.

Kwa hiyo usiku ule shuka langu lilikuwa linasomwa kwa sauti mbele ya baraza zima.

"Mama, kaa," binti yangu alisema chini ya mtandio. "Hivyo vikombe vimechoka."

Tukasikia hatua. Zilifika mlangoni, zikasimama. Kisha kisanduku cha betri, pale ukutani kibarazani, kikafunguliwa, na mtu akakohoa.

"Anasoma," binti yangu alinong'ona, akaketi. Nani husoma kitu cha kung'olewa kesho?

Akagonga. Nikashika komeo, lakini sikulivuta.

"Sema kwanza, Mzee."

"Fungua, kuna mbu."

"Sema."

Nikasikia akimpiga mbu kofi. "Nyumba arobaini. Walitaka mia, nikawaambia waanze na hizo na watenge fungu la betri mpya."

"Na siku zangu nane?"

"Ndizo zilizowaingia akilini. Mwenyekiti alisema, kama imefunikwa mchana kutwa na bado inafika saa saba usiku, ikiachwa wazi je? Ila wametoa sharti. Kila nyumba ipewe somo kabla ya kufungiwa, na mwalimu wamemtaja."

"Nani?"

"Amenisimamisha nje. Wamesema aje na shuka."

Binti yangu alikuwa amekwisha kunipita. Akavuta komeo, akafungua mlango.