Kufuli la Sekunde Tatu

Jicho, ndivyo walivyomwita tangu aanze kubeba kamera, alikuwa na ugonjwa mmoja: kufupisha. Kwa miaka ishirini na sita ya kutengeneza filamu za maisha ya watu, aliwaambia wajane, wachimba mawe na manesi waseme tena, ila kwa kifupi. Hata mkewe alifika mahali pa kumsimulia mambo ya nyumbani kwa sentensi moja, kisha anamuuliza kama imetosha.

Filamu iliyompa jina ilihusu moto wa kiwanda cha nguo uliomuua kaka yake, fundi cherehani, pamoja na wenzake kumi na wanane. Mlango wa nyuma ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Shemeji yake, mke wa marehemu, alikuwa nje siku ile na alilivuta kufuli hilo mpaka likamchuna kiganja. Alimsimulia Jicho mbele ya kamera kwa dakika kumi na saba, kwa kigugumizi, akirudia rudia pale pale. Jicho akaona watazamaji watasinzia. Akaenda kiwandani, akakuta mlango hauna kufuli tena, akanunua kufuli dukani, akalipaka masizi na kulipiga picha. Hakuona ubaya, mlango si ulifungwa kweli? Sekunde tatu tu, na watu walishika vichwa. Kanda ya shemeji akairekodia kazi nyingine, maana kanda zilikuwa adimu.

Serikali ilipolikalia faili miaka kumi, wananchi wakaamua kuchunguza wenyewe. Jicho ndiye aliyewatia moyo. Aliwatafutia ukumbi wa shule, akambembeleza hakimu mstaafu mpaka akakubali kusikiliza. Wakaanza na filamu yake.

Wakili wa kiwanda, aliyepewa nafasi ya kuuliza, hakuwa na papara. Alitaka kujua kufuli lile lilitoka wapi, kwa sababu aina ile iliingia madukani mwaka mmoja baada ya moto.

Jicho angeweza kujiumauma. Alisimama.

"Kufuli ni langu," alisema. "Mlango ulifungwa kweli, lakini hilo la kwenye picha nililinunua mimi."

Wakati wa mapumziko shemeji alimfuata koridoni. Hakumfokea, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

"Shem, mimi si nilikuambia yote? Ukayapeleka wapi?"

Jicho alirudi ukumbini, akakaa kiti cha mbele.

Shemeji alipopanda kutoa ushahidi, kigugumizi kilikuwa kile kile, na safari hii hakuna aliyemkatiza. Jicho alisikiliza neno kwa neno, mara ya kwanza maishani mwake. Ndipo alipoelewa kwamba pale alipokuwa akirudia rudia ni pale kaka yake alipokuwa akimwita mkewe kutoka ndani.

Alipomaliza, hakimu alivua miwani, akamuuliza kwa upole:

"Mama, haya uliyaona mwenyewe, au ni ya kwenye filamu?"