Mji Mmoja kwa Macho Yake

Mume wangu alipoanza kugonga mabega kwenye fremu za milango, tulidhani ni uchovu. Yeye ni mchoraji wa ramani za majengo, kazi ya kuinama mezani mchana kutwa, na ofisi yao kule Kiyovu, hapa Kigali, ilikuwa katika nyumba ya zamani yenye madirisha madogo. Nilimwambia apumzike. Kisha akawa anaangusha vikombe vilivyowekwa kando ya mkono wake. Siku moja tukiwa tunateremka Muhima kwenda nyumbani, pikipiki ilimpita karibu, akashtuka kama mtu aliyeamshwa usingizini. Hakuwa ameiona hata kidogo.

Daktari alisema ni presha ya macho. Alitueleza taratibu kwamba ugonjwa huu hula pembeni kwanza, ukiingia ndani kidogo kidogo, na kwamba dawa ya matone huupunguza mwendo lakini kilichokwisha kupotea hakirudi. Mume wangu aliuliza swali moja tu, kama katikati kutabaki. Daktari akamjibu kwamba katikati ndiko kunakochelewa kuondoka, ila muda wenyewe hakuna anayeweza kuusema. Tulipokuwa tumeshasimama ili tutoke, akaongeza, kwa sauti ya mtu anayezungumza jambo jingine kabisa, kwamba kama kuna kitu tulichotamani kukiona miaka yote, tusikiahirishe sana.

Jioni ile, mume wangu alikaa barazani akitazama bonde la Nyabugogo, kisha akasema twende mahali, mbali, tukaone mji mkubwa. Sikumuuliza mji gani. Nilijua, au nilidhani najua.

Sisi wawili ni watoto wa Wanyarwanda waliozaliwa ugenini. Yeye amekulia Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, na mimi Karagwe, Tanzania. Tulipokutana hapa Kigali, Kinyarwanda chake kilikuwa kimechanganyika na Kirundi, changu kikiwa na lafudhi iliyowachekesha mashangazi zake. Mbele ya wakwe tulijitahidi. Tukibaki peke yetu tulirudi kwenye Kiswahili, na hadi leo ndicho tunachotumia kupendana na kununiana. Lakini yeye alisoma shule kwa Kifaransa na mimi kwa Kiingereza. Kwa hiyo tangu utotoni, mtu akitaja ng'ambo, yeye aliona Paris, mimi nikaona London.

Paris yake ilitoka katika kitabu. Padri aliyemfundisha kuchora alikuwa na kitabu kikubwa cha michoro ya paa za mji ule, paa za bati la kijivu zenye madirisha yaliyochomoza kwenye mteremko, na safu za mabomba ya moshi. Alimwazima kila likizo. Mume wangu alizinakili paa zile mpaka akawa hahitaji kitabu. Nimemwona mara nyingi akizungumza kwenye simu huku mkono wake ukichora wenyewe, kwenye karatasi yoyote iliyo mbele yake, pembe ya jengo lililoviringwa kama nyonga, dirisha, dirisha, kisha daraja.

London yangu ilikuwa mstari. Katika darasa letu kule Karagwe palikuwa na ramani ya dunia iliyochorwa kwa rangi juu ya ukuta wenyewe, na mstari mmoja mwembamba uliteremka kutoka juu, ukapita London, ukaendelea hadi ukaishia karibu na sakafu. Mwalimu alitwambia dunia yote inaanza kuhesabiwa pale. Nikakua, nikawa mwalimu wa jiografia, na kwa miaka mingi nimewafundisha watoto wa Kigali habari za mstari ule kana kwamba nimewahi kuukanyaga.

Miji miwili kwa safari moja haikuwezekana. Kila mmoja ulitaka makaratasi yake na ubalozi wake, likizo ya shule ni ile ile moja, na macho yale hatukujua yatatusubiri kwa muda gani. Ilibidi tuchague.

Hatukuharakisha. Nikikumbuka miezi ile, naikumbuka kama ndoto ndefu moja, na sina hakika ni yapi tuliyoyasema na yapi niliyoyaota nikiwa nimesinzia kitini. Baada ya chakula tulikaa barazani. Jioni moja ilikuwa ya Paris, jioni ya pili ya London. Mbele yetu taa za magari ya mikoani zilikuwa zikiingia na kutoka kituo cha mabasi kule bondeni, na ukizitazama ukiwa umelegeza macho, zilikuwa mto. Jioni ya Paris alinishika mkono akanivusha. Aliniambia hapa kuna duka la maua, hapa ngazi zinashuka hadi majini, angalia usiteleze. Jioni ya London mimi ndiye niliyeongoza, lakini sikuwa na mengi. Nilikuwa na ukungu, mabasi mekundu, kilima, na mstari. Yeye hakulalamika. Aliuliza tu, ukuta unafananaje? Milango ina rangi gani? Nami nikabuni.

Usiku mmoja niliota navuka daraja nikiwa na kikapu cha isombe, kisamvu cha huku, kichwani, na watu wote njiani wananisalimia kwa Kinyambo, lugha ya kule Karagwe. Nilipomsimulia asubuhi, aliniuliza kwa dhati lilikuwa daraja la mji upi. Nikasema sijui. Akasikitika kidogo.

Binti yetu, anayefanya kazi Huye, alipiga simu kila Jumamosi kuuliza kama tumeamua, na kila Jumamosi alipewa jibu tofauti. Hakujua, na baba yake hakujua, kwamba mimi moyoni nilishaamua. Ingekuwa Paris. Macho yalikuwa yake. Nilijiambia mstari wangu umekaa pale tangu kabla sijazaliwa na utaendelea kukaa. Nikaanza kukusanya makaratasi ya Paris polepole, nikanunua na shali nzito Muhima, nikamwambia mwenye duka kwamba naenda Ufaransa, ili nilizoee neno lenyewe mdomoni.

Ilikuwa Jumapili ile ambayo barabara hufungwa magari yasipite, watu wakakimbia, wakaendesha baiskeli, wengine wakatembea tu. Mume wangu alikuwa amezipenda asubuhi hizo kuliko zamani, kwa sababu hakuna kitu kingeweza kumtokea ghafla kutoka ubavuni. Tulipanda hadi Kimihurura. Alitembea katikati ya lami, mikono nyuma, kama mwenye barabara. Ukungu ulikuwa bado haujatoka mabondeni, vilima vimekaa juu yake kama visiwa. Tulipofika chini ya lile kuba kubwa la ukumbi wa mikutano, alisimama.

"Mwalimu," akasema. Ndivyo anavyoniita tangu tulipokutana. "Nimeamua. Twende London."

Nilimwambia asifanye hivyo kwa ajili yangu. Nilikuwa na maneno mengi tayari, nilikuwa nimeyapanga kwa majuma, lakini alinyanyua mkono taratibu.

"Si kwa ajili yako. Paris niko nayo. Nikifunga macho hapa hapa naweza kukuchorea paa zote hadi mtoni. London sina hata ukuta mmoja. Tukienda London, nitakuwa na miji miwili."

Baiskeli zilitupita, kundi zima la vijana wakicheka. Nilisubiri zipite ndipo nikamuuliza lile lililokuwa linanisumbua.

"Na kama Paris iliyoko siyo ile ya kitabu, Baba?"

Alitazama mbele, kule ambako bado aliona vizuri.

"Hilo pia nimelifikiria," akasema. "Ndiyo maana sitaki kwenda kuikagua."

Tuliendelea kutembea. Nilifurahi, na furaha yenyewe ikaniuma, kwa sababu niliitaka London kuliko nilivyokuwa nimekubali, na kwa sababu nilielewa sasa kwamba mwenzangu alikuwa ameanza kufunga mizigo ya safari nyingine, akichagua cha kubeba.

Tulikwenda mwezi wa nane, shule zikiwa zimefungwa. Yapo mengi ya safari ile niliyoyasahau, foleni, vyumba, vyakula vya kwenye makaratasi. Ninachokumbuka kwanza ni jinsi alivyotazama. Kwa kuwa pembeni hakukuwepo tena, alilazimika kugeuza kichwa polepole kutoka kushoto hadi kulia, kama mtu anayesoma mstari mrefu. Alisimama mbele ya nyumba za kawaida kabisa, nyumba ambazo hakuna mgeni anayezipiga picha, akazisoma hivyo, tofali kwa tofali, mlango, kizingiti, bomba la mvua, hadi paa. Watu walimzunguka kama maji yanavyozunguka jiwe. Siku ya kwanza nilimweleza kila kitu, kule kuna kanisa, hapa kuna sanamu, tazama kulia. Akaniomba kwa upole nisimsomee. Kwa hiyo mimi, ambaye maisha yangu yote nimelipwa kwa kueleza, nilitembea katika mji niliousubiri tangu darasa la nne nikiwa nimefunga mdomo. Haikuwa rahisi. Kisha ikawa rahisi, nikaanza kuona mambo ambayo nisingeyaona nikiwa naongea.

Niliuona mto ukirudi nyuma. Nimefundisha kujaa na kupwa kwa bahari mara nyingi, na ninajua kwamba maji ya chumvi hupanda mto ule hadi ndani ya mji. Lakini kusimama darajani na kuona kipande cha mti kilichopita asubuhi kikielea kuelekea kilikotoka, hiyo ni habari nyingine. Nilihisi kana kwamba hata siku iliyopita inaweza kurudi vivyo hivyo, bila kelele, ikiwa na rangi ya chai ya maziwa.

Na hakuna aliyekuwa amemwandaa kwa jioni za London. Hapa kwetu jua likitua, giza haliombi ruhusa. Kule, saa ambayo Kigali watu wamekwisha kula na kuosha vyombo, mwanga ulikuwa bado umelala juu ya majani, mrefu, wa dhahabu, hauna haraka na mtu. Tulikaa kwenye benchi la bustani moja, na kila mara alidhani sasa utaondoka, na haukuondoka.

"Mwalimu, jambo hili ulilijua?"

Nilikiri kwamba ninalifundisha kidato cha pili.

"Miezi yote ile barazani, na hukunitajia."

Hakusema kwa lawama. Alivua miwani, akaufungulia mwanga ule uso mzima, akakaa hivyo, nami nikakaa karibu naye na shali yangu ya Paris mabegani, mpaka walinzi wakaja kufunga mageti wakati mbingu bado ni nyeupe.

Kwenye mstari wangu tulikwenda siku moja kabla ya kuondoka. Uko juu ya kilima, umetiwa kwenye sakafu ya ua, na watu hupanga foleni ili waukanyage. Nilisubiri zamu yangu nikiwa na wasiwasi wa kijinga, kama mtoto anayeitwa ubaoni. Nilipofika niliweka mguu mmoja huku, mmoja kule. Mwanzoni sikuhisi chochote. Kisha niliona ule ukuta wa Karagwe, rangi yake ya bluu iliyokuwa ikibanduka, na mwalimu wetu akiwa na fimbo ya kuonyeshea, na nikaanza kucheka peke yangu mbele ya wageni.

Nilipoinua macho nilimtafuta mume wangu ili auone mstari. Hakuwa anautazama. Alikuwa amesimama mbele yangu, hatua chache tu, akigeuza kichwa polepole, kutoka kushoto hadi kulia, kutoka kilemba changu hadi kidevuni, halafu akaanza tena. Nilitambua anachokifanya. Niliacha kucheka, lakini nikauacha uso ulivyokuwa, nikatulia pale kati ya mashariki na magharibi. Waliokuwa nyuma yetu wakaanza kukohoa. Sikusogea. Alichukua muda wake.

Sasa ni mwaka wa tatu tangu turudi. Ugonjwa umekula ndani zaidi, kama daktari alivyosema, na kazi ya ofisini ameiacha. Anachora nyumbani, mchana, karibu na dirisha, kwenye karatasi kubwa. Anachora London. Wiki iliyopita alifika kwenye ile mitaa ya nyumba za kawaida akanitaka nimpe kalamu ya rangi ya matofali. Nikampa ya kijivu. Akasema hapana, yalikuwa ya manjano iliyokolea, kama ganda la mkate. Nikasema Baba, yalikuwa ya kijivu, nilikuwepo. Binti yetu alikuwa amekuja kututembelea, akatoa simu ili atutafutie picha, na sisi wote wawili, kwa pamoja, tukamwomba airudishe mfukoni. Akatutazama kama anayetazama wazee waliochanganyikiwa, akaenda jikoni kuchemsha chai.

Mpaka chai inakuja tulikuwa bado tunabishana, na yeye alikuwa ameshaanza kupaka manjano.