Herufi za Kwenye Gunia

Kanuni yake ilikuwa moja: hanunui asichokijaribu. Sokoni alitafuna punje ya maharage mabichi kabla ya kupimiwa. Kwenye duka la viatu alivivaa, akaenda navyo hadi ng'ambo ya barabara na kurudi, muuzaji akimfuata nyuma kwa wasiwasi. Mtaani walimwita Bwana Onja, na muuza dawa za wadudu aliwahi kumuuliza, "Na hii ya panya nikufungulie?" Alichekwa, lakini hakuwahi kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Mtu wa namna hiyo anastahili heshima kuliko kicheko.

Kazi yake ilikuwa kuchora mabango kwa kompyuta, katika chumba chembamba ambacho mashine ya kuchapa ilikimeza nusu, kiasi kwamba mteja akiingia ilibidi yeye ainuke. Siku moja aliinuka kumpisha shemeji yake, mdogo wa mkewe, daktari wa meno aliyekuwa akifungua kliniki yake ya kwanza.

"Shem, nataka bango jeupe, maandishi mekundu, maneno haya tu: Tunang'oa meno bila maumivu. Na herufi ziwe laini, kama za barua ya mapenzi."

"Meno na mapenzi wapi na wapi?"

"Watu wananiogopa kabla hawajanijua. Bango ndilo uso wangu. Likiwatisha, nitabaki nang'oa meno yangu mwenyewe."

Fonti alizokuwa nazo zote zilikuwa na sura ya tangazo la mnada. Akatafuta mtandaoni, akakuta herufi za kuongeza kwenye programu yake ya kuchorea, zimepinda na kunesa kama mvuke wa chai. Kulikuwa na picha ya herufi hizo tu. Hakuna kujaribu, hakuna kurudisha, na juu ya ukurasa saa ilihesabu kurudi nyuma: bei inapanda leo. Akamwandikia muuzaji akiomba azijaribu kwa kuandika walau neno moja. Akajibiwa papo hapo, bila shaka na mashine: "Asante! Furahia ubunifu wako!"

"Sijanunua, nifurahie nini?" akaikemea kompyuta.

Mkewe, aliyekuja kumletea chakula, akasema, "Nunua, bwana. Mbona mimi ulinioa bila kunijaribu?"

"Wewe? Nilikunywa chai kwenu mwaka mzima!"

"Chai alipika mama."

Lakini si jibu la mkewe lililomwangusha. Ni ile saa. Mtu mwenye msimamo haendeshwi na saa ya muuzaji. Yeye aliendeshwa. Akanunua.

Akazijaribu baada ya kulipa, kama mtu anayepima kina cha kisima akiwa ndani. Akaandika jina la duka lake, likapendeza. Akaandika jina la mkewe, mkewe akatabasamu. Basi akayavika maneno ya shemeji herufi zile, akalitazama bango zima likiwa dogo kwenye kioo cha kompyuta, akaridhika, akachapa.

Sasa, waliounda herufi zile walikuwa watu wa mbali, na lugha yao haina haja na ng' yetu. Ritifaa, kile kialama kinachomtenganisha ng'ombe na ngoma, kwao ilikuwa nafasi ya pambo tu. Wakaweka tone la wino. Kwenye kompyuta, likiwa dogo, lilipita kama ritifaa iliyoshiba. Juu ya mlango wa kliniki, likiwa kubwa kama papai, lilikuwa tone la damu linalodondoka katikati ya "tunang" na "oa".

Asubuhi ya ufunguzi mzee mmoja alifika ameshika shavu. Akasoma. Akaliachia shavu.

"Karibu, baba," daktari akaita kutoka mlangoni.

"Asante, binti yangu. Limepoa."

"Hata sijalitazama!"

"Nimelitazama mimi," akasema mzee akilionyesha bango, na akaondoka kwa mwendo wa kijana.

Daktari akapiga simu. "Shem, hii damu ya nani?"

"Damu gani? Hiyo ni ritifaa."

"Ritifaa inadondoka?"

Mwenye busara angeazima ritifaa kwenye fonti nyingine, yakaisha. Lakini aliyenunua gizani huapa kwamba giza ndilo alilolitaka. "Herufi hazina kosa," akashikilia. "Kosa ni la neno." Akabadilisha neno, akachapa bango jipya: Tunatoa meno bila maumivu. Hapakuwa na ng', hapakuwa na tone.

Kesho yake foleni ilifika barabarani. Daktari alifurahi mpaka bibi wa kwanza alipofungua kinywa. Hakikuwa na jino hata moja.

"Nimekuja kupewa," akasema bibi. "Mawili ya mbele yatanitosha, na wenzangu nao wapate."

Daktari akachungulia nyuma yake. Foleni nzima ilikuwa ya vibogoyo.

"Bibi, sisi hapa tunang'oa."

"Uning'oe nini, mjukuu wangu? Ulimi?"

Bango la tatu liliandikwa kwa brashi na fundi rangi wa jirani na kliniki, kwa herufi nene za mnada, ritifaa ikiwa mahali pake. Wagonjwa wakaingia.

Kuvunja kanuni mara moja kulimgharimu Bwana Onja mabango mawili na kazi zote za kliniki ya shemeji yake. Jina lake nalo lilikwisha. Siku hizi anaitwa Tone.